Taa ya Masikini na Haki ya Mdai

Katika darsa yetu ya usiku wa Alkhamisi liliulizwa suala moja ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini kila tulipolifunua tuliona chini yake lipo jingine. Aliyeuliza ni mama mjane, mkaazi wa kijiji kilicho bara ya Msambweni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya lami. Mama huyu alinunua taa za sola kwa njia ya lipa polepole. Alitoa arubuni, akafungiwa bamba juu ya paa lake la makuti, akapewa betri, globu tatu na redio ndogo. Na tangu siku ile akawa akilipa shilingi 50 kila siku kwa simu ya mkono. Alilipa hivyo kwa muda wa zaidi ya miezi kumi, hata zikabaki siku 40 tu ili taa ziwe mali yake kabisa. Ndipo mwanawe alipougua, na kila senti iliyokuwamo nyumbani ikaenda hospitali. Malipo yakakatika. Siku ya pili, jua lilipotua, alibonyeza swichi na taa hazikuwaka. Hapakuja mtu kumdai, wala hakuletewa barua. Taa zilijifunga zenyewe kwa amri iliyotoka mji wa mbali, kwa watu wasiomjua sura wala jina la kijiji chake.

Akatuuliza: "Baba zangu, mimi najua kuwa nadaiwa, na deni silikatai. Lakini taa hizi nimezilipia siku mia tatu na ishirini na tano. Je, ni haki zinizimikie zote kwa ajili ya siku mbili?"

Hatukuafikiana katika kumjibu. Mmoja wetu alisema kwamba dawa ya deni ni kulipa; mama aliusikia mkataba, akauridhia, basi na asimlaumu mtu. Wa pili alisema kwamba biashara hii yote ni riba tangu mwanzo wake, na lililojengwa juu ya batili haliulizwi tawi lake. Wa tatu alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja tu: "Mama, jirani zako ni kina nani?" Wakati ule tulidhani ametoka nje ya maudhui. Leo tumeandika makala haya kwa kuwa tumeona kwamba katika sisi sote yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jawabu.

Wanazuoni wamefundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi kwanza na tulieleze jambo lenyewe lilivyo.

Sisi wa pwani ya kusini tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Mwaka mzima, kaskazi na kusi, jua letu hutua baina ya saa kumi na mbili na saa moja ya jioni, na usiku wetu ni wa saa kumi na mbili au karibu yake. Kwa hiyo nusu ya umri wa mtu wa Kwale ni giza, na mwenye taa na asiye na taa hawaishi umri mmoja. Asimamaye Diani usiku huona hoteli zimewaka toka Tiwi hata Galu, na mabwawa ya kuogelea yamewashiwa taa chini ya maji ingawa hakuna anayeogelea. Akipanda gari kuelekea Kinango, au akikata njia ya Kikoneni hata Mwereni, kabla hazijatimia saa mbili atakuwa amefika palipo giza, na katika giza hilo ataona vijimwanga vyekundu vya koroboi. Huko ndiko wanakokaa wengi katika ndugu zetu Wadigo na Waduruma.

Koroboi twaijua sote. Ni kikopo, utambi na mafuta ya taa. Mwanga wake haufiki mwisho wa meza, na moshi wake hufika mwisho wa pafu. Mwaka 2014 Shirika la Afya la Dunia lilitoa muongozo wa kuwaonya watu wasitumie mafuta ya taa ndani ya nyumba kwa madhara yake. Na hayo ni mbali na nyumba za makuti zilizoungua kwa koroboi moja iliyopinduliwa na paka. Tena usidhani ni rahisi. Anayenunua mafuta ya shilingi 20 kila jioni atakuwa ametoa shilingi 7,300 kwa mwaka, na mwaka ukiisha hana alichobakiwa nacho ila masizi. Masikini hununua kwa rejareja, na rejareja siku zote ni ghali kuliko jumla. Hili ni katika mambo ya ajabu ya umasikini, kwamba aliye nacho kidogo ndiye anayetozwa zaidi.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2015 ilianzishwa kazi ya kuwafikishia watu umeme wa nguzo kwa malipo ya shilingi 15,000 kwa waliomo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Lakini nyumba za bara ya Kwale zimetawanyika mashambani, na transfoma iko mbali. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ikakubali kuikopesha Kenya dola milioni 150 kwa ajili ya mradi wa sola katika kaunti 14 zilizohesabiwa kuwa zimeachwa nyuma, na Kwale ni mojawapo. Mwaka 2020 sheria ya fedha ikaondoa msamaha wa kodi ya VAT uliokuwa juu ya vyombo vya sola, na mwaka 2021 msamaha huo ukarejeshwa. Twayataja haya ili msomaji aone kwamba bei ya taa ya mjane wa Mwereni hutikiswa na maneno yasemwayo katika Bunge la Nairobi.

Ama njia ya lipa polepole, hii ni mpya. Simu zilipoanza kuchukua fedha mwaka 2007 kwa M-Pesa, iliwezekana mtu wa kijijini kulipa shilingi chache bila ya kutoa nauli. Na mwaka 2012 ilianza kuuzwa Kenya taa ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ambayo ndani yake mna chombo cha kuifunga na kuifungua kutoka mbali. M-KOPA ni katika waliotangulia, na baadaye wakafuata wengine. Hatumtaji hapa aliyemuuzia mama yetu, kwani hatuna ugomvi na duka moja, na suala letu ni la njia yote. Nasi twakiri mbele ya wasomaji kwamba njia hii imewapa mwanga watu ambao hapana benki hata moja ingaliwakopesha. Mjane asiye na hati ya shamba wala mshahara, ni nani angalimwamini kwa maelfu ya shilingi? Asiyelikiri hili hatakuwa muadilifu katika yatakayofuata.

Sasa twaja kwenye hukumu. Masuala ni matatu, nayo tutayachukua moja baada ya jingine.

Suala la kwanza: je, ziada ya bei ni riba? Tuchukue mfano wa hesabu. Taa ikiuzwa taslimu kwa shilingi 15,000, na kwa lipa polepole ikawa arubuni 3,000 na shilingi 50 kwa siku 365, jumla yake itakuwa 21,250. Hapa pana ziada ya 6,250. Ndugu yetu wa pili aliiona ziada hii akasema: hii ndiyo riba. Lakini jamhuri ya mafakihi, na Imamu Shafi miongoni mwao, hawakusema hivyo. Bei ya kungoja yaweza kuzidi bei ya taslimu, madhali ni bei ya kitu kinachouzwa na si bei ya fedha kwa fedha, na madhali mnunuzi na muuzaji wameagana kwa bei moja inayojulikana kabla ya kuachana. Mwezi wa Machi 1990 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikutana Jidda likaamua mfano wa haya, na likaongeza jambo ambalo ni lazima tulishike: deni likishathubutu, haifai kumzidishia mdaiwa hata senti moja kwa sababu ya kuchelewa kwake. Hapo ndipo mlango wa riba ulipo.

Basi ikiwa mama yetu aliambiwa bei yote tangu siku ya kwanza, na ikiwa siku alizokosa kulipa hazikumuongezea kitu juu ya bei ile, biashara yake ni halali. Lakini tuliwauliza watu kumi na wawili waliokuja darsani, wote wenye taa za namna hii: bei yote ya taa yako ni kiasi gani? Wawili tu walijua. Wengine walijua "hamsini kila siku" na hawakujua zaidi. Hapa twaona kasoro, japokuwa si riba. Mwenyezi Mungu katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo ndiyo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ametuamrisha kuandika deni, likiwa dogo au kubwa, na kutaja muda wake. Mkataba uliomo katika simu, kwa lugha ya Kiingereza, mbele ya mtu asomaye Kiswahili kwa taabu, je, huo umeandikiwa yeye au umeandikiwa kortini? Muuzaji mwema na aandike katika karatasi moja, kwa Kiswahili: bei ya taslimu ni hii, bei ya polepole ni hii, siku ni kadha, na ukichelewa hutazidishiwa. Karatasi hiyo haimgharimu kitu.

Suala la pili ndilo lililoulizwa na mama: je, ni haki kuzifunga taa?

Wenye kutetea kufunga husema kwamba kule ni mfano wa rehani. Muuzaji amemuamini mtu asiye na dhamana, basi taa yenyewe ndiyo dhamana. Hoja hii ina nguvu, na lile Baraza la Jidda liliruhusu kitu kilichouzwa kiwekwe rehani kwa ajili ya bei yake. Lakini rehani ina adabu zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyeweka rehani hakunyimwa manufaa ya mali yake ikiwa manufaa hayo hayaipunguzi; nyumba iliyo rehani hukaliwa, na mnyama aliye rehani hupandwa. Haki ya mdai ni kwamba muda ukifika na deni halikulipwa, kitu kiuzwe, achukue haki yake, na kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Taa iliyofungwa haiko hivyo. Haiuzwi wala haitumiki. Mdai hapati mwanga wala mdaiwa hapati. Jua lapiga juu ya bamba mchana kutwa na betri imejaa, na chini yake watoto wamekaa gizani. Kwa insafu twakubali kwamba betri huchakaa kwa kutumiwa, kwa hiyo atakayesema kwamba mwanga ni manufaa yapunguzayo asili ana la kusema. Hatuifanyi hoja hii kuwa kata-shauri.

Tuseme basi kwamba kufunga ni sharti lililokubaliwa, na Waislamu wametakiwa kusimama kwenye masharti yao. Ni sharti gani hilo, na ni juu ya nani? Hapa sheria yetu imepambanua baina ya watu wawili ambao kwa nje hufanana. Yupo mdaiwa mwenye nacho anayezungusha. Huyu Mtume (S.A.W.) amemwita dhalimu, na kumbana hata alipe ni haki. Na yupo mdaiwa aliyedhikika, ambaye hakulipa kwa sababu hana. Kwa huyu aya ya 280 ya Suratul Baqara imekata maneno: apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe kabisa ni kheri zaidi. Kumngojea mwenye dhiki si ihsani ambayo mdai akitaka atafanya na asipotaka ataacha. Hiyo ni faradhi juu yake, na kusamehe ndiko kulikoachiwa hiari.

Dhulma basi iko wapi? Muuzaji ana haki ya kudai, na kufunga taa ya mtu mjanja anayecheza na mali ya watu ni jambo ambalo hatulilaumu. Dhulma imo katika kwamba chombo kile hakiulizi. Kadhi hahukumu mpaka asikie pande mbili. Hata mwenye duka wa zamani, aliyekopesha unga na sukari kwa daftari, alikuwa akimuona mteja wake usoni, akajua kwamba huyu amefiwa na yule amelewa. Chombo hiki kimehukumu kabla ya kusikia, na hukumu yake kwa mjane aliyempeleka mwanawe hospitali ni ile ile kwa kijana aliyecheza kamari shilingi hamsini zake. Sheria imewapambanua watu hawa wawili, na chombo kimewasawazisha. Na kuwasawazisha watu ambao Mwenyezi Mungu amewapambanua ni dhulma, ijapokuwa aliyeifanya ni kipande cha waya kisichokuwa na nia.

Twajua muuzaji atatujibu nini. Atasema: kila mtu atadai kuwa ana dhiki, na mimi niko mbali, nitamjuaje mkweli? Nikiwasamehe wote nitafilisika, na kijiji cha pili hakitaona taa maisha. Hili ni neno la haki, na asiyelijibu hana ruhusa ya kumlaumu. Jawabu lake twalipata katika hadithi ya Qabisa iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alieleza ni nani anayehalalikiwa kuomba, na miongoni mwao akamtaja aliyepatwa na ufukara, akaweka kipimo chake: washuhudie watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Hakusema aaminiwe kwa kauli yake peke yake, wala hakusema asisikizwe. Alisema waulizwe jirani zake. Basi nini kinachozuia muuzaji akubali ushahidi wa watu watatu wa kijiji, kama mzee wa mtaa, mwalimu wa chuo na mama mmoja anayeheshimiwa, kwamba fulani amedhikika kweli, taa yake ifunguliwe, na siku zake zisukumwe mbele? Simu inayoleta amri ya kufunga yaweza pia kuleta amri ya kufungua.

Tena lipo jambo la majira. Mkataba wa kila siku umefanywa na watu wanaopokea kitu kila siku au kila mwezi. Mvuvi wa Gazi, wa Shimoni na wa Vanga hapokei hivyo. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, ngalawa hulala mchangani siku nyingi, na kaskazi ikirudi naye huwa na fedha. Mkulima wa korosho hupata msimu wake. Mfugaji wa Kinango huuza mbuzi mmoja na kukaa miezi. Na katika ukame uliodumu tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, wengi wa Kinango hawakuwa hata na mbuzi wa kuuza. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa tende za mwaka na za miaka miwili, hakuwakataza, ila aliwaamuru kipimo kijulikane na muda ujulikane. Muda wa msimu ni muda unaojulikana. Kumwambia mvuvi alipe shilingi 50 kila siku ya kusi ni kumpangia ratiba ya mtu wa ofisi.

Sasa suala la tatu, nalo ndilo la yule ndugu yetu aliyeuliza habari za jirani.

Ndugu wasomaji, tumeandika kurasa nzima juu ya wajibu wa muuzaji. Muuzaji huyo yuko mbali, na huenda hata si Muislamu. Lakini sisi tuko karibu. Mama huyu anadaiwa siku 40 kwa shilingi 50, nazo ni shilingi 2,000. Katika kijiji chake pana msikiti, pana maduka manne, pana watu wenye magari, na pana wana wa kijiji wanaofanya kazi Diani na Mombasa. Taa zake zilizimika usiku wa Jumamosi. Yeye alikuja kwetu Alkhamisi. Kwa nyusiku tano nyumba yake ilikuwa giza, na jirani zake wote waliliona giza lile, wala hapana aliyebisha hodi.

Katika Suratul Maun, Mwenyezi Mungu amewaonya wenye kuswali ambao hujionyesha na huzuia maun. Wafasiri wakaulizana maun ni nini. Baadhi yao walisema ni zaka, na wengine wakasema ni vitu vidogo ambavyo jirani humuazima jirani, mfano wa chungu, ndoo na shoka. Wengine wakataja maji, chumvi na moto. Moto, yaani mwanga. Na imepokewa pia kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Hatusemi kwamba bamba la sola ni mali ya kila mtu. Jua ni la wote, na bamba lina mwenyewe aliyeligharimia. Tunalosema ni kwamba dini hii imemhesabu anayemnyima jirani yake mwanga katika kundi moja na anayemkemea yatima. Na jirani hapa ni jirani, awe Mdigo Muislamu au Mduruma asiyekuwa Muislamu, kwani haki ya ujirani haikufungwa kwa wenye kuswali peke yao.

Tena tazameni mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Mojawapo ni wenye madeni. Tumezoea kugawa zaka mwezi wa Ramadhani kwa shilingi mia mia, kwa foleni ya watu mlangoni, hata mwenye kupokea asiweze kufanya nalo jambo lolote ila kununua unga wa siku mbili. Lau fungu la wenye madeni katika kijiji kimoja lingekusanywa mahali pamoja, likaandikwa, likashikwa na watu waaminifu, lingeweza kuwakomboa katika giza wajane wote wa kijiji hicho, na kila mmoja wao angebaki na taa iliyo mali yake.

Na asituambie mtu kwamba fedha hazipo. Sisi tumehudhuria arusi Msambweni na Ukunda ambazo jenereta ilikodiwa siku tatu, na taa za rangi zikatundikwa kutoka mlango wa bibi arusi hata barabarani. Tumeona hitima ambazo ng'ombe wawili wamechinjwa na wana wa marehemu wakabaki na deni. Tumeona misikiti inayotundika taa za vigae zenye matawi hamsini. Hatukatai msikiti kuwashwa taa. Imepokewa kwamba Tamim Addari ndiye wa mwanzo kuwasha taa misikitini, na hiyo ni sifa. Lakini msikiti unaong'aa katikati ya kijiji chenye giza, waumini wake wakirudi nyumbani wanapapasa kuta, yafaa ujiulize umemng'aria nani.

Huenda mtu akasema: kwa nini basi tusiwagawie watu taa bure, tukamalizana? Kutoa ni kwema, na atoaye Mungu amlipe. Lakini tumeona taa za bure zilizoletwa na wafadhili, zikapigwa picha, na baada ya miaka miwili au mitatu betri zikafa, na bamba likawa la kuanikia dagaa. Betri ikifa yataka nyingine, na ile mbovu hutupwa karibu na kisima, nayo ina sumu. Mafakihi wetu walipoandika juu ya wakfu waliweka kanuni moja ambayo watoaji wa siku hizi wameisahau: kinachotangulia katika pato la wakfu ni kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya kumpa anayestahiki hata senti. Taa isiyo na fundi haidumu, basi haiwi sadaka ya kudumu.

Na fundi si lazima atoke mbali. Unguja, katika kijiji cha Kinyasini, pana chuo cha Barefoot College ambacho asili yake ni Tilonia, India, kilikoanzishwa mwaka 1972. Na hapo Kinyasini wanawake wa vijijini, ambao wengi wao hawakusoma shule sana, hufundishwa kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza taa za sola, kisha hurudi kwao wakiwa mafundi. Wameweza wanawake wa Unguja, nao ni dada zetu kwa lugha na kwa dini. Wa Kwale watashindwa na nini, ila kwa sisi wanaume kuwazuia?

Kwa muhtasari, yale tuliyoafikiana darsani ni haya. Muuzaji aandike bei yote kwa Kiswahili, wala asimzidishie aliyechelewa. Asimfungie taa aliyeshuhudiwa na watu watatu kuwa ana dhiki, na akubali malipo ya msimu kwa watu wa msimu. Mdaiwa mwenye nacho alipe, wala asijifiche nyuma ya mgongo wa mjane, kwani kila anayezungusha deni naye anacho ndiye anayemfungia mlango masikini wa kesho. Na kijiji kiwe na sanduku moja, dogo, lenye daftari, kutokana na fungu la wenye madeni, na sadaka kwa wasiokuwamo katika fungu hilo. Na nusu ya mapato ya sadaka hiyo iwekwe kwa betri na fundi.

Wasomaji watataka kujua mama alifanywaje. Usiku ule ule zilichangwa shilingi 2,000 katika kofia, zikapelekwa kwa simu kabla ya sala ya Isha, na taa zake ziliwaka kabla hajafika kwake. Binti yake alimpigia simu njiani kumwambia. Tulifurahi, na wengine wetu tulirudi nyumbani tukijiona watu wema. Alkhamisi ya pili walikuja watu watatu wenye suala lile lile. Alkhamisi ya tatu walikuja saba. Ndipo tulipofahamu kwamba kofia si jawabu, na kwamba tulichokifanya usiku ule kilikuwa ni kujiondolea haya. Sanduku letu lina wiki sita sasa. Limewafungulia taa watu tisa, na wawili kati yao wameshaanza kurudisha bila ya kuombwa. Yupo pia mmoja aliyetudanganya, na tulimgundua kwa kuwauliza jirani zake, jambo ambalo tungalilifanya mwanzo.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Atakayeona kwamba tumekosea katika hukumu ya rehani au katika fungu la zaka, na atuandikie kwa hoja. Tutaichapa barua yake, na haki ikiwa kwake tutaifuata. Na atakayeona kwamba tumesema kweli, basi kabla hajaisifu makala hii, jioni hii jua likitua, na atoke nje kidogo atazame ni nyumba gani ya jirani yake ambayo haikuwaka.

Wallahu aalam.